Sahani Iliyowekwa Kando

Nilikula chakula cha sanamu. Naanza na hilo kwa sababu ndugu zangu wa kanisani hawalijui hadi leo, na nimechoka kulibeba peke yangu.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi za ndani Kakoba, mjini Mbarara, kwa mama mmoja wa Sri Lanka aliyefundisha chuo kikuu. Kila Jumatatu nilitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kila Ijumaa nikarudi. Alikuwa mjane, watoto wake wako ng'ambo. Kabla ya Uganda aliishi Dar es Salaam miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu mimi niliyezaliwa nacho. Nikisema "fasi", ananiambia, "Mahali, dada." Nilikuwa nanuna mpaka mchana.

Sebuleni, juu ya kabati, alikuwa na sanamu nyeupe ya mtu aliyeketi, macho yamefumbwa nusu. Mbele yake kulikuwa na maua, glasi ya maji, na kila asubuhi kisahani cha wali wa moto na mboga kidogo. Mimi ni Mprotestanti wa kuzaliwa. Mama yangu aliongoza kwaya ya akina mama kule kwetu Kivu. Basi nilifuta vumbi kuizunguka sanamu ile bila kuigusa, kama mtu anayefagia kando ya mbwa aliyelala. Lakini wali ulinishinda. Kwa mtu aliyezoea chakula cha kambi, wali unaopoa juu ya kabati ni dhambi kubwa kuliko sanamu yenyewe. Siku moja, saa tano asubuhi, niliula wote nikiwa nimesimama.

Mchana aliporudi sikungoja aulize. "Madamu, ule mucele niliukula mie. Nilizani umebakia."

Uongo. Sikudhani chochote, nilijua. Yeye alinitazama, kisha akauliza neno moja tu: "Umeshiba?"

Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, sikujiandaa kwa swali hilo. Akavuta kiti, akanieleza kwamba yule si Mungu. Alikuwa mtu, alizaliwa na mama, alizeeka, akafa, na alipokufa aliondoka moja kwa moja, hatazaliwa tena popote. Wali ule yeye hauli.

"Sasa unamupikia wa nini?"

"Mkono wangu ndio wenye haja ya kutoa. Mchana huwa nawapa ndege. Leo umekula wewe."

"Kumbe mie na ndege tuko sawa!"

Alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo tukawa tunazungumza tukimenya matoke. Nilimuuliza nani aliumba dunia. Akasema kwao hawamtaji muumbaji. Ukirudi nyuma unakuta maisha mengine, na nyuma ya hayo mengine, na mwanzo wenyewe hauonekani. Nikamuuliza kama hakuna miungu kabisa. Akasema wapo, tena wengi, wanaishi mbinguni kwa raha miaka isiyohesabika, lakini mema yaliyowafikisha huko yakiisha, nao hufa na kuzaliwa kwingine. Mungu anayekufa! Niliweka kisu chini nicheke vizuri. Kwa siri nilimwombea aokoke, na nadhani naye kwa siri aliniombea jambo.

Sasa niseme habari ya mama yangu, maana ndiyo iliyokuwa inaniwasha chini ya maswali yote hayo. Tulipokimbia vita, yeye hakuweza kutembea. Mlangoni alinivua kitenge changu kilichochanika, akanifunga chake, akaniambia nitangulie. Habari ya kifo chake niliipata kwa simu, nikiwa Nakivale tayari. Majirani ndio waliomzika. Kwetu matanga yana siku ya kuyamaliza: watu wanapika, wanakula pamoja, mfiwa anarudi kuishi kama wengine. Wenzangu walinihimiza nimalize. Nilikataa. Sikuona mwili, sikuona kaburi, nimalize nini? Kitenge nilikifunga ndani ya mfuko wa plastiki, sikukivaa, nikiogopa harufu yake itaisha. Miaka saba.

Basi siku moja madamu alipika chakula kingi, akaalika wanafunzi wake. Ilikuwa siku ya kumkumbuka mumewe. Walipokwisha kula, alichukua birika, akamimina maji polepole kwenye kikombe kilichosimama ndani ya bakuli. Kikombe kikajaa, yeye akaendelea tu, maji yakafurika bakulini, huku akinong'ona kwa lugha yao. Nilikimbilia kitambaa nikidhani mkono umemtetemeka. Akanizuia kwa macho. Baadaye jikoni akasema ndivyo wanavyowapelekea marehemu mema: unalisha watu walio hapa, kisha unaomba mema ya kulisha yamfikie yeye aliko.

"Na iko wapi sasa, bwana yako?"

"Sijui. Ameshazaliwa mahali."

Nikamuuliza habari ya mama. Akahesabu. "Miaka saba? Huenda ni mtoto wa miaka sita sasa. Mahali fulani kuna mtu anamsuka nywele."

Niliacha vyombo nilivyokuwa naosha. "Na atanijua?"

"Hapana, dada."

"Basi huyo si mama yangu!" Niliosha vyombo vile kwa kelele ambazo jirani alizisikia. Sikutaka mtoto wa watu. Nilimtaka mama, yule yule, aniulize kwa nini nimekonda, anikemee kwa kuimba sauti ya pili vibaya. Mchungaji ameniahidi tutaonana parapanda ikilia, nami ahadi hiyo sijaiachia hadi leo. Madamu alisubiri nimalize sufuria. Kisha akasema, taratibu, kwamba wao wanafundishwa safari hii ni ndefu mno, hata ni vigumu kumpata kiumbe ambaye hajawahi kuwa mama yako.

"Hata weye?"

"Hata mimi. Hata yule mbuzi wa jirani anayekula sabuni yako."

Nililia na kucheka kwa pamoja, jambo baya kwa mtu mwenye mikono ya povu.

Lakini maneno yakishaingia hayatoki. Nikirudi kambini nilijikuta nawatazama wasichana wa miaka sita pale bombani. Mama alikuwa anakula mkono wa kushoto ukiwa chini ya wa kulia, kama anayekinga makombo. Nami, Mprotestanti mzima, mwimbaji wa kwaya, nikawa nachungulia mikono ya watoto wa watu. Sikumwona aliyekinga makombo.

Mkataba wa madamu ulipoisha alirudi kwao. Alinikumbatia, akaniachia birika lile. Mwezi uliofuata niliwaambia akina mama wa kwaya kwamba nitamaliza matanga. Nilipika ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo kwa mawese, na ndagala, dagaa wa kwetu. Nikavaa kitenge cha mama. Harufu yake ilikuwa imeshaisha zamani ndani ya plastiki ile; nilikuwa nimetunza harufu ya plastiki. Wageni wakaja na watoto wao, tukaimba, tukaomba, wakala. Sahani moja niliiweka kando, juu ya kigoda nyuma ya nyumba. Sikumwambia mtu ni ya nani. Nikaingia ndani kuchukua birika na kikombe.

Nilipotoka, sahani ilikuwa tupu. Mbele yake alisimama msichana wa majirani wapya, waliofika kambini juzi tu. Alikuwa na miaka sita hivi.

"Nilizani imebakia," akasema.

Uongo ule naujua. Nilimtazama mkono wa kushoto, sikuweza kujizuia. Ulikuwa nyuma ya mgongo, umeficha ndagala mbili. Hakuwa mama. Mama hangekula bila kuomba Mungu kwanza. Nilimtamani mama wakati ule mpaka mifupa ikaniuma, nikaketi pale pale chini.

"Umeshiba?" nikamuuliza.

"Bado."

Nikamletea sahani yangu. Akala yote, bila haraka safari hii, na mimi nikamimina maji ya birika kwenye kikombe mpaka yakafurika kwenye vumbi. Nikamwomba Yesu amfikishie mama mema hayo, popote alipo. Mtoto alipomaliza alisogea, akajifuta vidole vya mawese kwenye kitenge cha mama, hapa pajani, kama mtu aliyezoea.

Doa bado lipo. Kitenge nakivaa kila Jumapili, na sijakifua.