Bi Kinuyo na Maji ya Jiko Jipya

Matsue, kule Japani, ni mji wa wanywa chai, na asiyeamini apite mtaa wa Bi Kinuyo Adachi saa nne asubuhi, asikie vifagio vya mianzi vinavyopiga chai ya kijani mpaka itoe povu. Huko hawangoji sherehe. Hata fundi wa paa hushuka ngazi, akanawa mikono, akapokea bakuli lake. Na kwa miaka thelathini, bakuli lililosifiwa kuliko yote mtaani lilikuwa la Bi Kinuyo, mjane wa miaka sabini na mbili, mfupi, mdomo pilipili, moyo uji wa sukari.

Basi mkwewe Hatsune, mke wa mwanawe, akamjengea jiko jipya. Sinki jipya, mabomba mapya, koki inayofunguka kwa kidole kimoja! Bibi alilia kwa furaha. Kesho yake akapiga chai, akaonja, akaonja tena. Ilikuwa na ladha ya mpira.

Jirani yake Tokie hakunyamaza. "Shoga, leo umetupigia chai au umetuchemshia kandambili?"

Wakacheka. Lakini wiki iliyofuata Tokie alisema magoti yanamuuma, hawezi kuja. Magoti hayo hayo yakaonekana yakipanda kilima kwenda kunywa chai kwa mtu mwingine. Mgeni wake wa pili wa kila siku naye akapotea. Bi Kinuyo akabaki na mabakuli matatu na mdomo wake mmoja.

Angesemaje? Mtu amekupa jiko zima, wewe umwambie jiko lako linanuka? Akavumilia wiki tatu, kisha neno likamtoka, nusu nusu. Hatsune akafungua koki, akajaza glasi, akainywa yote mbele yake.

"Mama, mbona matamu tu? Au ni jiko lenyewe hulitaki?"

Siku mbili wakawa wanaongea habari za mvua tu, kama abiria wasiojuana. Hilo ndilo lililomnyima bibi usingizi. Marafiki wa chai wangeweza kurudi. Mkwe akishafunga moyo, utaufungua kwa spana gani?

Akamwita Nagami, fundi bomba aliyeifanya kazi ile. Akaja mchana, akaonja, akajipiga kifua.

"Maji safi kabisa. Bibi, labda ulimi wako umestaafu."

"Ulimi wangu ulianza kazi kabla wewe hujaota meno, we Nagami!"

"Haya, nitakuja alfajiri nikuone unavyofanya."

Saa kumi na mbili alikuwa mlangoni. Bi Kinuyo akafanya kama alivyofundishwa na mama mkwe wake: kabla ya kusema na mtu, akafungua koki, maji ya kwanza ya siku akayakinga kwenye kikombe cha marehemu mumewe Yasuhei, cha kuweka kwenye kabati la maombi, marehemu apate kunywa wa kwanza. Hapo hapo, bila kupoteza tone, akajaza birika na chupa ya chai ya siku nzima. Akafunga.

Nagami akachovya kijiko kwenye birika, akaonja, akatema.

"Ndiyo haya! Maji yamelala usiku kucha kwenye mpira mpya chini ya sinki. Mkweo akiamka, ladha yote umeshaichota wewe. Yeye anakuta matamu."

Hatsune alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

Bi Kinuyo akashika kichwa. "Ina maana wiki tatu namnywesha Yasuhei mpira?"

"Kwani amelalamika?" fundi akauliza.

"Yule? Miaka arobaini nilimuunguzia wali, hakusema neno."

Hatsune akacheka mpaka akakaa chini. Nagami akaeleza dawa: kila alfajiri yaachiwe yatiririke kwenye ndoo mpaka yawe baridi, ya ndoo yamwagilie maua, baada ya wiki chache mpira utaacha kunuka. Bibi akasita. Ndoo nzima ikitangulia, hayo yatakuwa maji ya kwanza tena?

"Mama," akasema Hatsune, "hatuyamwagi. Tunamsuuzia baba bomba."

Bi Kinuyo akamtazama, kisha akainama mbele yake, chini kabisa, kama anavyoinamiwa mgeni mkubwa. "Mwanangu, jiko hili sijakushukuru sawasawa. Nimekuwa nikinywa mpira huku natabasamu."

"Na mimi nikadhani umenichoka."

"Nimechoka na kandambili, siyo na wewe."

Nagami akajifanya anakaza nati ambayo haikuwa imelegea.

Kesho yake bibi aliamka akakuta ndoo imejaa na Hatsune kando ya koki iliyo wazi, nywele hazijachanwa, miguu pekupeku.

"Chota mama, yamekuwa baridi."

Akachota cha mumewe, akakipeleka mahali pake. Akarudi, akachota kingine, akampa mkwewe kwa mikono miwili, kabla yeye mwenyewe hajaonja.