Kidole Gumba Kilichoharibu Harusi ya Sikonge

Kosa ni langu. Nalitaja kwanza ili usije ukadhani natafuta wa kumbebesha. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikichanganya mambo nivumilie.

Miaka ile vijiji vya ujamaa vinaanza, nilikuwa mpiga picha katika studio ya Mhindi mmoja pale Ng'ambo, Tabora. Filamu zilikuwa adimu. Nikitumwa harusi ya mbali napewa mkanda mmoja wa picha kumi na mbili, na huko nakuta watu tele, kila mmoja anataka yake.

Sasa nilikuwa na ujanja. Nyuma ya taa ya kamera kuna kitufe kidogo cha kuijaribia. Ukikibonyeza kwa kidole gumba taa inawaka, mtu anaondoka ameridhika, na filamu haijaguswa. Tajiri yangu hakunifundisha hilo, nisimsingizie.

Nikatumwa Sikonge kwa Mzee Maganga, anamwoza binti yake Kalunde kwa kijana wa Kigoma. Mzee aliniomba jambo moja tu.

"Mwanangu, huyu anakwenda mbali na sina hata picha yake moja. Nipige naye kabla hajapanda gari."

Nikamwekea picha nne za mwisho.

Ila kulikuwa na mjomba wa bibi harusi, Shija, msimamizi wa chakula. "Fundi, wewe subiri, wageni kwanza," aliniambia, sinia la pilau likipita mbele ya pua yangu. Nikiwa mkweli, wageni walikuwa wengi na alikuwa na haki. Lakini njaa haijui haki.

Basi alipokuja kutaka picha, nikampiga kwa gumba. Akaleta baiskeli, gumba. Akaleta redio, akaiweka begani. Mwisho akaleta mzinga wa nyuki, akaukumbatia kama mke. Kila mara namwambia, "Kidevu juu, mjomba, kama mkuu wa wilaya." Nilifurahi, sitaficha.

Nadhani furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Mzee na binti waliposimama, wote wawili machozi yanawalenga, gumba lilikwisha kuzoea njia. Taa iliwaka mara nne.

Nilipoosha filamu nilipata picha nane safi. Nne za mwisho, hakuna kitu.

Wiki ya pili mzee akaja studio kwa lori la tumbaku. Ningesema kweli siku ile, yangeishia hapo. Nimemaliza kumwamkia, nikausikia mdomo wangu unasema: "Mzee, mjini siku hizi picha ya baba na binti hupigwa bibi harusi akishakaa mwezi kwa mumewe. Ile ya siku ya harusi ni ya kupimia tu."

"Kumbe," alisema. "Sisi wa porini tunachelewa kujua. Ahsante, mwanangu."

Ile ahsante inanichoma mpaka leo.

Mzee akatuma ujumbe Kigoma, binti arudi. Bibi harusi wa mwezi mmoja anaitwa kwao! Wakwe wakaona ndoa inavunjwa. Wakaja naye Sikonge, na wazee watatu, na bwana harusi macho mekundu. Balozi wa nyumba kumi akaitisha kikao, nami nikaitwa.

"Kijana wetu ana kosa gani?" wakauliza.

"Hana," akasema mzee. "Ni utaratibu wa mjini. Muulizeni fundi."

Wote wakanigeukia. Hapo nikakosa mara ya pili. "Ndio utaratibu," nikasema.

Shija akainuka. "Na zangu ziko wapi? Mimi nilipigwa mpaka na mzinga."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kiliniokoa. Kalunde akawaambia wakwe zake kwamba hana ugomvi na mtu, wapige picha, kesho atapanda treni na mumewe. Alipopita karibu yangu akanong'ona, "Kaka, leo gumba lipumzike."

Kumbe aliona tangu siku ya harusi. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza alipoitwa kwao.

"Ningesema, ningekuja kumwona mama lini?"

Picha ilitoka vizuri. Mzee amemshika binti mkono, na pembeni bwana harusi amenuna.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Mzee Maganga alikuwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumshika kwa uongo, na aliwasimulia majirani utaratibu wa mjini. Wakaufuata. Leo huko binti akiolewa, mwezi ukiisha anarudi kwao kupigwa picha na baba yake, na waume wananung'unika njia nzima. Mzee amekwisha kufa. Nikisema kweli, namfanya mwongo kaburini, na kina mama wa Sikonge sijui watanifanya nini. Basi nalinyamazia, na wakiniita kupiga picha, naenda.

Wewe unayesoma, ukibanwa sana ukataka kudanganya, mtafute mwongo mwenzako. Usimpe uongo mtu mkweli. Ataufanya sheria.