Mama Inokuma, mbwa wake na mgongo usiotulia

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umeufunika mto Chikuma, na lori la kokoto linasimama mbele ya kibendera chekundu cha Mitsuyo Inokuma. Anainama. Dereva anangoja. Magari ya upande wa pili yanakwisha, kibendera cheupe kinapanda, lori linapita, na Mitsuyo anainama tena, safari hii mpaka kofia yake ngumu inamshukia usoni.

Hiyo ndiyo kazi yake kwa miaka kumi na mmoja sasa hapa mjini Ueda, nchini Japani. Husimama palipochimbwa barabara, huzuia magari, huyaruhusu, na huwaomba watu radhi kwa mgongo wake. Anayesubirishwa huinamiwa. Anayeondoka huinamiwa. Anayepiga honi kwa hasira huinamiwa kuliko wote.

"Mimi hata ng'ombe akipita namwinamia," anasema wakati wa mapumziko, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, tonge la wali mkononi. "Juzi nilipigiwa simu na benki. Yule dada akaniuliza, mama, mbona sauti yako inakwenda inarudi? Nikamwambia samahani, mwanangu, nainama."

Mafundi wanaokula karibu yake wanacheka. Yeye mwenyewe anacheka kidogo, kisha anajisugua kiuno. Mgongo huohuo mwaka huu nusura umpotezee mbwa wake.

Mitsuyo ana miaka sitini na mmoja. Ni mjane, na watoto hakujaliwa. Kwa siku hupata kama yeni elfu kumi, na mvua ikinyesha kazi hakuna na malipo hakuna. Anaishi juu, kwenye nyumba ya mbao ya ghorofa moja, chumba na jiko, pamoja na Okara.

Okara ni mbwa mkubwa asiyejulikana asili yake, mwenye rangi ya makapi ya soya yanayobaki tofu, ile jibini ya soya, ikishatengenezwa, na ndiko lilikotoka jina lake. Sikio moja limesimama, jingine limelala. Mitsuyo alimchukua kwenye kituo cha mbwa waliookotwa, akiwa na miaka kama mitano. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, na huyu alikuwa amekwisha kauka kabisa. Alivuta kamba kama jembe la ng'ombe, na akiitwa aliangalia upande mwingine.

Majira ya baridi yaliyopita, Okara alimponyoka ngazini akamkimbiza msambazaji wa magazeti. Baba wa watu akaanguka na baiskeli yake kwenye theluji, akavunjika kifundo cha mkono. Mitsuyo alikwenda kuomba radhi na boksi la keki, kama inavyopasa, akarudi mara ya pili na boksi jingine. Yule baba alimsamehe.

Aliyebaki ni mwenye nyumba, Mzee Kutsukake, mwenye miaka sabini na tisa, anayeishi chini. Mzee huyu hana maneno ya kupamba. Alipanda ngazi polepole, akakaa mlangoni kwa Mitsuyo bila kuvua koti.

"Kila siku unaniambia mbwa wako anasikia," alimwambia. "Safari hii nataka mtu mwingine aniambie. Majira mengine ya baridi yakifika, theluji ikianguka kabla sijaambiwa, huyo mbwa aondoke hapa."

Mitsuyo alijua maana yake. Nyumba inayokubali mama mtu mzima peke yake ni ya kutafuta kwa tochi, na ikiwa ana mbwa mkubwa, hata tochi haisaidii. Usiku ule hakula. Alimtazama Okara amelala katikati ya chumba, akajiuliza amwambieje kwamba kaonewa huruma mara moja na sasa anarudishwa alikotoka.

Daktari wa mifugo ndiye aliyemtajia mashindano ya utii, yanayofanyika mara mbili kwa mwaka kwenye majani ya kando ya mto. Daraja la kwanza ni la wanaoanza, na mbwa wa mchanganyiko pia huruhusiwa. Mzee Kutsukake alipoelezwa alitikisa kichwa kukubali. Mwamuzi akisema sawa, alisema, na yeye ni sawa.

Mwalimu aliyempata ni Chinatsu Yabe, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja. Siku za kazi huogesha na kunyoa mbwa dukani, na Jumapili hufundisha watu mtoni. Mitsuyo angeweza kumzaa, lakini humwita "Mwalimu" na, bila shaka, humwinamia.

Kazi ya daraja la kwanza ikisikika ni nyepesi. Mbwa atembee kando ya mguu wa kushoto bila kukaza kamba. Akae akiambiwa, alale akiambiwa, angoje mwenye mbwa akisogea mbele yake, kisha aje akiitwa. Kila kosa hukatwa alama. Na amri iwe ni neno tu, mwili wa mwenye mbwa utulie.

Okara alimshangaza kila mtu. Kumbe hakuwa mkaidi, ila hakuwahi kuambiwa jambo kwa namna anayoielewa. Kwa vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, mwezi wa nne alikuwa anatembea bila kuvuta, na wa tano anakuja akiitwa. "Lala" ndiyo aliyoijua kuliko zote. Mitsuyo alikuwa akisema neno hilo huku akishusha kipande cha kiazi mpaka chini, na mbwa akishuka pamoja na mkono.

Mkono ulikuwa ukishuka na mgongo. Chinatsu aliliona hilo mapema.

"Mama, mdomo wako unasema kitu kimoja, mgongo unasema kingine," alimwambia zaidi ya mara moja. "Sasa huyu mbwa amsikilize nani?"

Mitsuyo aliinama, akasema amesikia.

Mashindano ya mwezi wa sita yalifanyika siku yenye jua. Mitsuyo aliingia uwanjani amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mara mbili, Okara amekaa vizuri kushotoni kwake. Mwamuzi, Bwana Tobari, mtu mrefu mwenye kofia ya majani, alimsalimu. Nani katika nchi hii atasalimiwa na mwamuzi asiiname? Mitsuyo aliinama, kwa kina kile cha barabarani.

Okara akalala.

Alama zikakatwa. Mitsuyo akamwinua, wakaanza kutembea. Mwamuzi akamwambia ageuke kushoto, akamwitikia kwa kuinama, na Okara akalala katikati ya mwendo, kamba ikamkaza Mitsuyo mkono. Watazamaji wachache wakacheka. Mitsuyo akageuka kuwaomba radhi, na msomaji anajua alivyowaomba. Okara, aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama, akalala tena.

Mwishoni akamwita toka mbali. Mbwa alikuja mbio, mkia juu, vizuri kabisa. Mitsuyo akafurahi mno hata akamwinamia mwamuzi kumshukuru kabla mbwa hajafika. Okara alijitupa kwenye majani nusu ya njia, akatulia akimtazama mama yake, akingoja kiazi.

Alama hazikutosha, na hazikukaribia kutosha.

Bwana Tobari aliwafuata nje ya uwanja. Mitsuyo alitaka kuomba radhi kwa kumpotezea muda, lakini mwamuzi alimwomba asimame wima kwanza. "Mbwa wako hajakosea hata mara moja," alimwambia. "Kila ulichomwambia kwa mgongo amekitii. Mimi natoa alama kwa kilichosemwa na mdomo."

Chinatsu alikuwa amecheka mpaka akajifuta machozi. Alipoona Mitsuyo hacheki, aliacha. Ndani ya gari Mitsuyo alilia, kimya, huku amemshika Okara shingoni, na Chinatsu aliendesha bila kuwasha redio.

Dawa ya kwanza ilikuwa Mitsuyo aache kuinama. Alijaribu. Juni yote iliyobaki alijizoeza kutikisa kichwa tu, shingo imekaza. Mtoni alikumbuka mara moja kati ya tatu. Kazini alikumbuka zaidi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Dereva mmoja alipiga simu kwenye kampuni, akasema yule mama wa vibendera anawatazama watu kama barabara ni ya babu yake. Mitsuyo akaitwa, akaonywa. Akainama.

Sasa mbwa alikuwa anaondoka na kazi inamfuata. Mitsuyo alimwambia mwalimu wake kwamba ameshindwa, ni bora aanze kumtafutia Okara mtu mwingine mapema kuliko kungoja theluji. Chinatsu alirusharusha kiazi mkononi.

"Mgongo wako haufundishiki," alisema mwishowe. "Tumekubali. Lakini huyu mbwa anafundishika. Tumfundishe yeye kwamba mgongo wako ni upepo tu."

Wakaanza upya, kinyumenyume. Mitsuyo anasema "Kaa," anainama, na Okara akibaki amekaa anapata kiazi. Akilala hapati kitu. Siku za kwanza mbwa wa watu alichanganyikiwa. Alishuka nusu, akapanda, akapiga miayo, akamtazama Chinatsu kama anayeomba mkalimani. Alifundishwa jambo kwa miezi na sasa anaambiwa si hilo. Mitsuyo anasema alimwonea huruma kuliko siku ile ya kituoni.

Nyumbani akapata akili kidogo. Mtoni akachanganyikiwa tena. Ndipo Chinatsu alipouliza, mahali gani mama huyu huinama sana kuliko pote duniani?

Duka la kuogesha mbwa hufungwa Jumatatu. Kwa ruhusa ya msimamizi wa barabara, Bwana Hotta, kila Jumatatu ya kiangazi Chinatsu aliketi nje ya uzio wa kazi na Okara miguuni, mbali na magari lakini mbele ya macho ya Mitsuyo. Lori likisimama, mama anainama, mbwa anabaki amekaa, kiazi. Lori likiondoka, mama anainama, mbwa amekaa, kiazi.

Madereva hawakuchelewa kujua. Walianza kuteremsha vioo na kumwinamia Mitsuyo kwa makusudi, vichwa vinagusa usukani, ili awarudishie. Mmoja alipaza sauti kwamba mbwa yule ana adabu kumzidi mkwewe. Hakuna aliyepiga simu kwenye kampuni tena. Mpaka mashamba ya mpunga yanavunwa, Okara alikuwa akitazama mgongo wa Mitsuyo ukishuka na kupanda bila kujali, sikio moja tu likicheza.

Mashindano ya mwezi wa kumi na moja yalifanyika kukiwa na baridi, milima ya mbali imekwisha kuwa myeupe juu. Mzee Kutsukake alikuja mwenyewe, na kiti chake cha kukunja, akaketi nyuma ya kamba ya uwanja.

Mwamuzi alikuwa Bwana Tobari yuleyule. Alimsalimu, na Mitsuyo akamwinamia. Hakujaribu hata kujizuia. Okara alikuwa amekaa. Miguu yake ya mbele ilitetemeka, kifua kikashuka kidogo, na Chinatsu huko nje alishika mdomo kwa mikono miwili. Kisha mbwa akajinyoosha, akabaki amekaa.

Kwenye kutembea alinusa majani, akakatwa alama. Kwenye kulala alichelewa, akakatwa tena. Alipoitwa alikuja moja kwa moja, na Mitsuyo aliinama kwa mwamuzi mbwa akiwa bado njiani, kosa lilelile la Juni. Okara hakuujali mgongo ule, akaja kukaa mbele ya viatu vyake.

Walifaulu, wakizidi kiwango kwa alama chache. Mitsuyo alimwomba mwamuzi kitu kimoja, na Bwana Tobari, bila kuuliza kwa nini, alitembea mpaka kwenye kile kiti cha kukunja.

"Mzee, mbwa huyu anasikia," alimwambia.

"Nimeona," alijibu Mzee Kutsukake, akaanza kukunja kiti chake.

Theluji ya kwanza ilianguka baada ya majuma mawili, na Okara aliitazama kutoka dirishani kwake. Hapo hadithi ingeweza kuishia. Lakini mwenye nyumba alipanda ngazi tena, safari hii akavua koti, akauliza daraja la pili lina nini.

Daraja la pili ni bila kamba. Na lina jambo ambalo Mitsuyo anakiri linamtisha kuliko barabara yenye barafu. Mbwa hulazwa na kuambiwa angoje, na mwenye mbwa huondoka, hupita nyuma ya turubai, hukaa huko asikoonekana mpaka mwamuzi aseme arudi.

Chinatsu anasema Okara yuko tayari. Anayechungulia ni mama, na mbwa akiona kichwa chake tu huinuka. Mitsuyo hakatai. Mumewe alifariki hospitalini yeye akiwa ametoka kwenda kununua chai ya kopo kwenye mashine ya kuuzia vinywaji ukumbini. Aliporudi na kopo la moto mkononi, walikuwa wamekwisha kumfunika.

"Tangu siku ile siwezi kumwacha mtu nyuma ya ukuta," anasema. "Najua ni mbwa tu. Najua yupo. Lakini miguu inarudi yenyewe."

Anataka kuingia daraja la pili majira ya kuchipua, theluji ikiyeyuka kwenye majani ya mto. Kwa hiyo kila jioni, kazi ikiisha, hufanya mazoezi uani kwa mwenye nyumba. Humlaza Okara mbele ya mlango wa Mzee Kutsukake, humwambia "Ngoja," huzunguka pembe ya nyumba, na husimama kando ya mitungi ya gesi, mgongo ukutani, mikono mifukoni.

Jioni ya leo giza linaingia mapema. Mzee Kutsukake ameketi kizingitini, blanketi magotini, na Okara amelala hatua moja kutoka kwake, macho kwenye ile pembe ya nyumba. Nyuma ya ukuta, Mitsuyo anainua mguu mmoja, anaushusha.

"Yupo hapo?" anauliza, sauti imepungua.

"Yupo," anajibu mzee. "Na mimi nipo. Usirudi bado."