Kulala Himbi, Kula Majengo

Wenzangu wakisafiri kikazi huchagua hoteli kwa macho: kitanda kikubwa, dirisha linalotazama maji, picha ya kuwatumia nyumbani. Mimi huchagua kwa pua. Naingia mapokezini, nasimama, navuta pumzi, na mara nyingi natoka bila hata kuuliza kama kuna chumba. Mimi ni mwonjaji wa kahawa. Kampuni yangu iko Moshi, na kabla haijanunua buni kutoka nchi jirani, mimi hutumwa nikakaange sampuli, nizifyonze kwa kijiko, niteme, kisha niandike alama. Mtu wa kazi hii halali kwenye chumba kilichopuliziwa marashi ya waridi, na ikikaribia siku ya kuonja hagusi pilipili, kitunguu saumu wala samaki wa kukaushwa kwa moshi. Mke wangu husema ameolewa na mgonjwa asiyepona. Ubaya ni kwamba napenda kula kupita kiasi, na kila safari huwa ni adhabu.

Goma ndiyo ilinitesa zaidi. Nilivuka mpaka kwa miguu kutokea Gisenyi, na kabla sijafika mbali nilikutana na karai la sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, vinachemka kwenye mafuta, na mama aliyekuwa akivikaanga akanikonyeza kusudi, maana alishaona mate yananitoka. Nikapita. Aliyenipokea alikuwa bwana shamba wa chama cha wakulima kilichotualika, mwanamume mpole wa makamo, ambaye kule wanamwita agronomu. Alinibebea begi, nami nikamkokota kutoka hoteli moja hadi nyingine pale Himbi, kwenye mtaa wa maofisi na nyumba za wenye uwezo, kando ya ziwa.

Hoteli ya kwanza ilikuwa nzuri kweli, na ofisi ilikuwa imeshanishikia chumba. Lakini zulia lilinuka dawa ya mbu, na juu ya dawa ya mbu wakapuliza manukato, na juu ya manukato kijana wa mapokezi akawa amejipaka yake. Nilipiga chafya mpaka nikatoka nje. Ya pili ilikuwa imepakwa rangi juzijuzi. Agronomu alianza kunitazama kwa wasiwasi, nami nikazidi kuwa mkali, maana mtu akiwa na njaa na amechoka hupoteza adabu. Mwisho tukafika kwenye nyumba ya wageni ya masista. Sakafu ilinuka maji na sabuni ya mche, basi. Nilimwuliza sista wa jikoni anatia nini kwenye mchuzi wake, akanijibu kwa sauti ya mtu anayeungama, akiniita papa, yaani baba, kama wanavyomwita kila mwanamume kule.

"Chumvi tu, papa. Na yenyewe kidogo."

Nikamwambia hapo ndipo nimefika.

Agronomu aliweka begi chini taratibu. "Lakini papa, mama prezida alishatengeneza chumba kwake, kule Majengo. Alitandika hata mashuka ya mupya. Banakungojea."

Mama prezida alikuwa mwenyekiti wa chama chao, mjane wa kutoka upande wa Butembo, ambaye wakulima wa pande za Kiwanja walikuwa wakimpelekea kahawa yao nyumbani kwake, ndipo ilipo stoo. Nilisema anifikishie shukrani zangu, ila nipo kazini, nitalala hapahapa.

"Na chakula?"

"Nitakula hapahapa pia."

Alifungua mdomo, akaufunga. Mimi nilidhani amechoka kama mimi.

Sasa niseme mapema jambo ambalo mimi niliambiwa nikiwa nimeshaharibu, ili usije ukanicheka bila kujua unacheka nini. Mume wa mama yule alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, haraka, na midomo ya mtaani ikaanza kazi. Walisema ni sumu. Walisema ametiliwa mezani kwake mwenyewe. Hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyemwambia usoni, na padri alimzika marehemu kwa heshima zote. Walichofanya ni kuacha kula kwake. Wakulima waliendelea kumletea kahawa, maana kwa kahawa alikuwa mwaminifu na kila mtu alijua. Waliketi barazani kwake, walimwita mama kwa upendo, walikunywa soda ambazo walizifungua wenyewe. Lakini chakula chake kilikuwa kinarudi jikoni kama kilivyotoka. Ndiyo maana alitaka sana mgeni wa mbali, mtu asiye na ukoo wala ugomvi pale, alale kwake na ale kwake mbele za watu. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyasubiri alipotandika mashuka. Kahawa ilikuwa ya chama kizima, lakini meza ile ilikuwa yake peke yake.

Kesho yake tukaenda Majengo kuangalia buni. Kuonja kwenyewe tulikupanga asubuhi inayofuata, na wakulima kadhaa walikuwa wameshuka kutoka Kiwanja kushuhudia. Nyumba ya mama prezida ilikuwa ya mbao, juu ya yale mawe meusi ya volkano ambayo kule yako kila mahali, ua umefagiwa mpaka unaona aibu kukanyaga. Yeye alikuwa mfupi, mnene kidogo, amefunga kitenge kipya, na aliponisalimia alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Karibu papa. Ulilala muzuri kule kwa masista?"

"Vizuri sana, mama."

"Njo muzuri," akasema, na hakunung'unika hata kidogo.

Nilizipenda buni zake. Zilikuwa safi, zimechambuliwa kwa mkono na watu wenye subira, na nilipozinusa nilijua kesho nitakuwa na kazi ya furaha. Nikakaa barazani na wakulima. Karibu na mlango aliketi mzee mmoja aliyekonda, kofia magotini, chupa ya soda mkononi. Agronomu alinitambulisha: ni kaka mkubwa wa marehemu. Mzee akainua chupa kidogo kunisalimu.

Ndipo mama akatoka na sinia. Bugali ya muhogo, nyeupe, inatoa mvuke. Sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese. Sambaza wa kukaanga. Kwenye kibakuli kidogo, pilipili nyekundu iliyosagwa, ile ambayo ukiitazama tu jasho linakutoka. Akaweka sinia mbele yangu, akasimama. Baraza lote likageuka kunitazama.

Nami, mtu wa kazi, nikafanya nilichokifanya katika miji mingine yote. Nikasema asante mama, sitakula. Kisha, maana nilikuwa na njaa kweli, nikafungua begi langu, nikatoa mkate niliofungiwa na masista na chupa ya maji niliyotoka nayo ng'ambo, nikaanza kutafuna.

Sijawahi kuona uso ukizimika vile. Alichukua kitambaa, akafunika sinia, akaendelea kusimama kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Mkulima mmoja akaangalia dari. Yule mzee wa mlangoni alitazama mkate wangu, akanitazama mimi, akaitikia kwa kichwa polepole, kana kwamba nimemthibitishia kitu. Nilihisi nimekosea bila kujua kosa ni lipi, na mkate ukawa mzito mdomoni.

Agronomu alinishika kiwiko akanitoa nje, hadi nyuma ya stoo. Huko ndiko aliponieleza yote, kwa sauti ya chini, huku akivunja kijiti vipande vipande.

Nilimwakia. "Mbona hukuniambia jana? Si nilikuwa nawe mchana kutwa?"

"Ningekuambia nini, papa? Mugeni anafika, miye naanza kumuambia, kula kwa huyu mama, batu banasema iko na sumu lakini haina? Wewe ungekula?"

Kwa kweli nisingekula.

"Hapa kwetu," akaendelea, "mutu akikupatia chakula, anaonja yeye mbele. Haiko haya, ni heshima. Mama alikuwa anangoja uketi muzuri aonje mbele yako, batu bote baone. Sasa umetoa mukate yako. Na maji yako."

"Ni ulimi wangu," nikamwambia. "Ni pilipili. Nikila pilipili leo kesho siwezi kuonja. Ulimi unakufa."

"Najua. Nilibaelezea. Habakusadiki."

Nilisimama pale nikiwa na hasira na kila mtu: na agronomu, na midomo ya Majengo, na kampuni iliyonifanya niogope kitunguu. Nilifikiri juu ya wakulima waliosafiri kwa ajili ya asubuhi moja. Nikila, sitaweza kuwapa alama za haki, na kahawa ile ilistahili ulimi wenye afya. Nisipokula, mama yule ataishi na mkate wangu maisha yake yote. Watasema hata Mtanzania alijua, alikuja na maji yake. Kahawa inaweza kungoja siku moja. Nilimwonea huruma mno, na huruma ile ikanifanya nione aibu ya begi langu lenyewe.

Tukarudi barazani. Nikamwambia mama kwa sauti ambayo hata majirani wangeisikia: "Mama, nimeshindwa. Hiyo harufu ya sombe imenifuata mpaka nyuma ya stoo. Naomba nile."

Alinitazama kwa muda, akijaribu kujua kama namhurumia au namdhihaki. Kisha akafunua sinia, akaninawisha mikono, akakaa kwenye kigoda mbele yangu. Akanyoosha mkono kumega bugali, aonje kwanza, kama desturi inavyotaka.

Nikamtangulia. Nilimega tonge kubwa kuliko adabu inavyoruhusu, nikalichovya kwenye sombe, nikalipitisha kwenye pilipili, nikatia mdomoni kabla mkono wake haujafika sinia. Mkono wake ukabaki hewani.

Pilipili ile haikuwa na mzaha. Macho yalijaa, pua ikafunguka, nikaanza kuhema. Nikachukua sambaza, nikawatafuna na vichwa vyao. Nikachovya tena. Mkulima mmoja akashindwa kujizuia akacheka, akasema, "Papa wa Tanzania analia!" na kicheko kikazunguka baraza lote, nami nikacheka nao huku machozi yananitiririka, sijui tena yapi ni ya pilipili na yapi ni yangu.

Nilipopata pumzi niliwaambia ukweli wakulima: kesho sitaonja kitu, ulimi wangu umekufa, na nisingetaka kahawa yao ihukumiwe na maiti. Tuahirishe. Waliangaliana, wakazungumza kidogo kwa Kinande, lugha yao, na mkubwa wao akasema watangoja, kwani kahawa imengoja mvua, imengoja barabara, haitashindwa kumngoja papa apone mdomo. Bosi wangu hakuwa na subira hiyo. Nilipompigia simu nikamweleza nimekula pilipili kwa hiari yangu, alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nikaendelea kula. Mama hakula, alikuwa ananitazama tu, mikono mapajani. Ndipo yule mzee wa mlangoni akakohoa. Aliweka chupa yake sakafuni, akaisogeza pembeni kwa mguu.

"Shemeki," akasema, "hii sombe uliipika na mawese?"

Mama akageuka. "Ndiyo, muzee. Na mawese."

Mzee akaiweka kofia yake juu ya kiti cha jirani. "Basi nipatie miye pia. Kidogo."

Hakuna aliyecheka. Mama aliinuka, akaenda jikoni. Alikawia. Wakulima nao walianza kukunja mikono ya mashati, mmoja mmoja, kila mtu akijifanya hamwoni mwenzake. Nikaona hawezi kubeba vyote peke yake, nikamfuata.

Jiko lilikuwa kibanda cha mbao nyuma ya nyumba. Alikuwa amesimama katikati yake akijipangusa uso kwa pembe ya kitenge. Kwenye mafiga kulikuwa na sufuria ya bugali kubwa kama ya harusi. Pembeni sombe, sufuria mbili zimejaa. Maharagwe. Makemba, zile ndizi za kupika. Beseni la sambaza limefunikwa. Na kwenye meza, sahani zimeoshwa na kupangwa moja juu ya nyingine, nyingi, kuliko watu wote waliokuwa barazani. Mgeni wake nilikuwa mmoja, na wengine alijua wasingegusa.

"Mama," nikamwuliza, "ulikuwa unangoja watu wangapi leo?"

"Haiko ya leo tu, papa," akasema, huku akichota bugali. "Kila siku bakikuja kwa mukutano, napikaka ya batu bote. Nasema, pengine leo."

Akanipa sahani mbili za kwanza nipeleke, akaniambia niangalie vidole, ile ya muzee ilikuwa ya moto.