Nilitafsiri maneno ya mtoto darasani, sasa naogopa kurudi shuleni

Admin, nakuomba kwa jina la Mungu unifiche, maana huku Texas Waswahili tunajuana wote. Jina la mtoto nimelibadilisha. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, Mrundi, nimekulia kambini Tanzania, sasa naishi Euless na mume wangu na watoto wetu wawili. Nilisafisha vyumba vya hoteli mpaka mgongo ukagoma, nikaamua kusomea ualimu wa shule ya msingi. Ndugu zangu, nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nifike nchi hii.

Kabla ya kutupeleka field mashuleni, chuoni walituandaa vizuri. Tulikuwa tunafundishana wenyewe kwa wenyewe, watu wazima tumekaa kwenye viti vidogo tukijifanya watoto. Siku moja mwenzangu aliigiza mtoto mwenye siri, akaninong'oneza, "Usimwambie mtu." Nikamjibu kama tulivyofundishwa: siwezi kukuahidi hivyo, jambo zito lazima nimwambie mwalimu wako. Mkufunzi akanisifu mbele ya wote. Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba, nikamwambia mume wangu ualimu nimeuweza. Kumbe kuigiza ni kuigiza tu.

Nikapangiwa darasa la kwanza. Mwalimu wa darasa ni mama mmoja Mmarekani, mpole, na alifurahi mno kusikia najua Kiswahili, kwa sababu ana mtoto mmoja Mkongomani ambaye Kiingereza bado kinamkwama. Nitamwita Neema. Wazazi wake nasali nao misa ya Kiswahili. Aliponiona darasani alinishika sketi, hakuniachia mpaka saa ya chakula.

Somo langu la kwanza nililichagua mwenyewe: mtu anayenipenda nyumbani. Chuoni nilikuwa nimelifanyia mazoezi, likapita bila kasoro. Watoto wakawa wanasimama mmoja mmoja, huyu anamtaja bibi, yule anamtaja mbwa. Ilipofika zamu ya Neema, akanitazama mimi. Nikapiga goti karibu yake nikamwambia aseme kwa lugha yetu, mimi nitawaelezea wenzake. Basi akasema, tena kwa sauti, bila haraka yoyote:

"Mama yangu alikufaka kule kambini. Huyu mama wa hapa ni dada yake mudogo. Aliniambia nisisemake, sababu watanirudisha."

Kwetu mama mdogo ni mama, wala hakuna ambaye angeuliza. Lakini nilielewa papo hapo kwamba kwenye makaratasi ya kuja huku walimwandikisha kama mtoto wao wa kumzaa ili asibaki kambini peke yake. Na siku hizi mnajua watu wanavyoogopa kurudishwa, hata wenye makaratasi yao kamili. Mwalimu akaniuliza huku anatabasamu, "Amesemaje?" Watoto wote wananikodolea macho. Nikafungua mdomo nikasema, "Anasema anampenda sana mama yake." Darasa zima likapiga makofi. Neema akacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka pale shuleni.

Jumapili baada ya misa yule mama anayemlea Neema akanivuta mpaka kwenye parking. "Mwalimu, mutoto anasema darasa lilimupigia makofi. Alikuambia nini? Usinifiche." Nikamwambia. Akaketi palepale kwenye lami, na kitenge chake kizuri cha Jumapili. "Dada yangu alifia mikononi mwangu. Ningemuacha mutoto na nani? Tulimuandikisha sawa wa kwetu, na ni wa kwetu. Nakuomba, ufunge kinywa." Nikamwinua, nikampangusa vumbi. Sikumwahidi kitu, wala sikumkatalia.

Mume wangu, anayepakia mizigo uwanja wa ndege, nilipomweleza alikasirika. "Wewe ni student tu, kwa nini unajiingiza? Wakijua ulidanganya, chuo wata-ku-drop. Na huyo mama akipata shida kwa sababu yako, nani atatusalimia kanisani?" Nikamuuliza, sasa unanishauri nini? Akaongeza sauti ya TV.

Sasa mwalimu wa darasa, kwa wema wake, amemwambia mshauri wa watoto pale shuleni kwamba kwangu Neema anafunguka. Mshauri anataka kuzungumza naye wiki ijayo, ajue kwa nini huwa analia mchana, na mkalimani ni mimi. Chuoni walituambia mkalimani hapunguzi wala haongezi. Nikisema ukweli, sijui mtoto yule ataishia wapi. Hapigwi, halali njaa, nguo zake zinapigwa pasi kila siku. Nikidanganya tena, njia ya mwongo ni fupi, na miaka yangu ya kusoma nimeitupa.

Ila kinachonitisha zaidi ni hiki. Ijumaa tulikuwa tumepanga mstari kwenda nje kucheza, Neema akanivuta mkono akaniambia kwa furaha, "Mwalimu, uliwaambia, na hakuna mutu alikasirika."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtoto anaamini nilitafsiri kila neno. Kwake yeye siri imekwisha, imesemwa mbele ya watu na watu wakapiga makofi. Huko nje nikamkuta kwenye bembea na rafiki yake Mmarekani, amenyoosha vidole viwili, anatafuta maneno. "Two mama," anamwambia. "One here. One..." Neno la kumalizia lilikuwa halijaja. Nikawaita wote warudi darasani kabla muda haujaisha, nikasingizia jua.

Msinitukane jamani, nishaurini kama dada yenu. Niende kwa mwalimu niseme yote, au nimwache mama wa watu alee mtoto wake? Jumatatu natakiwa kurudi, na kazi niliyopangiwa ni kukaa na Neema peke yetu nimfundishe Kiingereza. Anashika haraka sana. Nifanye nini?