Wenyewe Hawapo

Shoga yangu wa Tottenham hajui kupika mandazi. Namwambia kila siku, naye haachi kuyauza. Ukiangusha moja sakafuni, jirani wa chini anagonga dari. Lakini mandazi hayo hayo yameshawatoa wanawake utumwani.

Yeye mwenyewe aliletwa London kutoka Tanga kulea watoto, akanyang'anywa pasipoti, akatumikishwa miaka bila mshahara. Ruhusa ya kutoka alikuwa nayo moja tu, kupeleka taka nje. Siku moja alizipeleka, akaendelea kutembea. Mfuko wa taka aliufikisha mpaka mtaa mwingine kabisa, Kilburn, maana kwao hakufundishwa kutupa taka njiani. Aliponisimulia nilicheka hadi machozi, kisha machozi yakawa ya kweli.

Sasa akisikia pahali pana msichana wa kazi asiyeonekana hata dukani, hubeba mandazi yake kama anayeyauza mlango kwa mlango, na kuniburura mimi. Ndivyo tulivyofika Hayes, kwenye nyumba iliyofungwa mapazia mchana kweupe. Aliinamia kitundu cha barua mlangoni akapiga hodi.

"Wenyewe hawapo," msichana akajibu ndani.

Shoga yangu akanikanyaga mguu. Mtu huru husema karibu, au husema sinunui. Jibu lile alilijua vizuri, kwa kuwa miaka yote ile lilikuwa lake.

"Sijawaulizia wenyewe, mwanangu. Wewe upo?"

Sauti ikasogea mlangoni: "Mimi nipo tu. Shikamoo."

"Marahaba. Mlango unafunguka?"

"Unafunguka. Ila wamesema nikitoka bila pasipoti polisi watanifunga."

"Hata mimi niliambiwa hivyo. Nilipowaendea, walinipa chai isiyo na sukari. Adhabu yangu ilikuwa hiyo."

Wenye nyumba wangeweza kurudi wakati wowote, na hatukuweza kumvuta. Ilibidi afungue kwa mkono wake. Mlango ukafunguka kidogo. Msichana, mikono imejaa povu, akauliza kama amalize vyombo kwanza.

"Viache. Wataosha wenyewe."

Akacheka, nadhani bila kutaka. Akajifuta kwenye kanga, akaufunga mlango taratibu, kisha akatimua mbio. Shoga yangu akamwita kwamba hatufukuzwi na mtu, lakini wapi. Tulimfuata tukihema kama mabata.

Tulimkuta kwenye kituo cha basi, akatuuliza tunapanda basi gani. Shoga yangu akamwambia achague yeye, lolote lile litatufikisha. Akayatazama yakija, akasema hajui kuchagua, akaangua kilio. Tukamshika huku na huku, tukaliacha basi lipite.