Siku Aliyokataa Kuonja

Kwetu Mugoma mtu akikukaribisha pombe ya ndizi, yeye ndiye anayeanza kunywa. Anamimina, anapiga funda moja mbele yako, anafuta mdomo, ndipo anakupa kikombe. Mgeni asiyejua desturi hii hudhani mwenyeji ana uchu. Wala. Anakuonyesha kwamba humo ndani hamna kitu. Nimekua nikiiona desturi hiyo, na mimi mwenyewe nimewaonjea wageni miaka yote bila kuifikiria, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Maana huku kwetu watu wanaogopa sumu. Mtu akiumwa tumbo baada ya kula ugenini, habari huanza kwa maneno ya chini chini, na yakishazunguka vya kutosha yanakuwa ukweli. Mwenye bahati husemwa akasahauliwa. Jirani yangu, mama mmoja mjane ambaye shamba lake la migomba limepakana na langu, hakuwa na bahati hiyo.

Mjukuu wake wa kwanza alikula ndizi na maharage kwake mchana, jioni akaanza kutapika, na kabla ya juma kuisha tukamzika. Muuguzi wa zahanati alisema ni malaria iliyomaliza damu, na mimi nilikuwepo aliposema. Lakini mama wa mtoto, yaani mkwe wa yule mjane, hakumsikia muuguzi. Alichokishika ni kile alichokiona kwa macho yake: mtoto alikula kwa bibi, mtoto alitapika, mtoto akafa. Mumewe anashinda Kabanga mpakani akipakia na kupakua maroli, nyumbani anakuja akijisikia, kwa hiyo hakuwa na wa kumtuliza. Mtoto wake wa pili, binti, alipoanza kutembea, akapigwa marufuku kula chochote kwa bibi yake, hata ndizi mbivu. Nyumba zao zinatazamana. Nimemwona yule mtoto amesimama kwenye njia katikati, bibi upande huu, mama upande ule, hajui aende wapi, na niseme wazi kwamba iliniuma.

Jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikristo husali kila Jumamosi kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Zamu ya yule mama ikawa inarukwa. Nilimuuliza mwenyekiti sababu, akaniambia kwa upole mwingi, "Mwalimu, tumeona tusimsumbue mama wa watu, amezeeka." Mimi nina hasira za karibu, mke wangu ananijua. Nikamwambia amezeeka tangu lini, mbona jana alikuwa amejitwika kuni? Mwenyekiti akatazama saa yake.

Basi siku moja yule mama akaja kwangu, akakaa kwenye kiti cha barazani, akanieleza kwamba kaka yake aliyeko Biharamulo amempa sehemu ya kujenga. Angevuna maharage, akabidhi shamba kwa mwanawe, aondoke. Hakulia. "Mwarimu," aliniambia, "mtu hawezi kuzeeka mahali ambapo hakuna anayekula kwake." Aliomba jambo moja tu kabla ya kuhama: jumuiya isali kwake mara moja. Kama watu wangekuja na kula, angebaki. Wasipokuja, Biharamulo si mbali. Nikaahidi kwamba watakuja, ingawa sikujua nitawaletaje.

Hapa inabidi niseme kwa nini alikuja kwangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, lakini kabla ya ualimu nilikaa seminari kuu nikisoma falsafa, hadi nilipogundua kwamba useja na mimi hatuelewani. Wanakijiji wanaamini aliyesoma falsafa anaweza kubishana na mtu yeyote akashinda. Mke wangu, mtu wa Biharamulo na mwenye ulimi, anasema kitu pekee nilichotoka nacho seminari ni ubishi.

Anakosea kidogo. Nilitoka na mzee mmoja kichwani, padre aliyetufundisha somo la namna binadamu anavyojua. Asubuhi moja ya kiangazi, jua kali, aliingia darasani na mwamvuli unaochuruzika maji. Akauliza tunajua nini. Tukamwambia kwa kauli moja kwamba mvua imenyesha upande wa nyumba ya mapadre. Mmoja wetu hata akasema aliisikia ikipiga bati. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa ametoka kuufua.

Akaandika ubaoni maswali matatu, na nusu muhula mzima hatukuvuka hapo. Umeona nini? Umeelewa nini? Je, ndivyo? Alisema macho yanatupa jambo la kuulizia tu, hayatupi jibu. Akili inabuni jibu, na kubuni ni kutamu, kwa hiyo wengi wetu tunaishia hapo na kujiona tunajua. Swali la tatu ndilo zito, kwa sababu ukijibu "ndivyo" umejifunga, na ukijifunga bila sababu za kutosha umesema uongo hata kama hukukusudia. Tulimuuliza imani inaingia wapi kwenye mambo hayo. Tulidhani imani ndiyo mahali unapoiacha akili nje ya mlango. Akakasirika kidogo. Mengi tunayoyajua, alisema, hatukuyapima wenyewe, tumeambiwa. Nani kati yetu alishuhudia kuzaliwa kwake? Kumwamini mtu si kufumba macho. Unamwangalia shahidi kwanza, unauliza kama anastahili, na ukishaona anastahili, akili yenyewe ndiyo inayokuambia mwamini. Ndiyo maana kwenye komunyo padre anaposema "Mwili wa Kristo", sisi hatujibu kwamba tumeona. Tunajibu "Amina", na maana yake ni "ndivyo".

Tangu siku hiyo Amina yangu imekuwa nzito mdomoni. Hata sala ya kupima dhamiri ikabadilika. Zamani nilikuwa nasaka makosa kama anayetafuta chawa. Sasa naipitisha siku yangu kwenye yale maswali matatu, na mara nyingi nakuta dhambi yangu ni ile ya kusema "ndivyo" juu ya mtu kabla sijauliza chochote.

Niliitembelea jumuiya nyumba moja moja. Sikuhubiri. Niliwauliza tu: wewe umemwona akitia kitu? Hapana. Aliyekuambia alimwona? Hapana. Na yeye nani alimwambia? Hapo watu walianza kujikuna kichwa. Wengine waliahidi kuja, nadhani ili niondoke.

Walikuja. Jumamosi ile ua ulikuwa umefagiwa mpaka udongo unang'aa, viti vya kuazima vimepangwa. Mkwe naye alikuja kwa kuchelewa, akakaa pembeni kabisa na binti yake amempakata. Jumuiya kusali mbele ya mlango wake na yeye asionekane ingekuwa aibu. Tukasali rozari, tukasoma Injili, matangazo yakasomwa. Kisha yule mama akaleta sufuria la ndizi na mtungi wa pombe, akamimina vikombe vyote, akavipanga mezani. Tukasubiri aonje.

Hakuonja. Alisimama pale amefumbata mikono, huku watu wakikitazama kikombe cha kwanza. Mwenyekiti akamkumbusha kwa sauti ndogo, "Mama, tunakusubiri."

"Najua mnanisubiri," akasema. "Nimewaonjea miaka yote. Nilionja kwenye harusi ya mwanangu, nilionja kwenye matanga ya mume wangu. Nikionja mnasema nina dawa ya kuizuia sumu isinidhuru. Nisipoonja, ndiyo hivyo. Sasa kuonja kwangu kunasaidia nini? Leo sionji. Mnanijua au hamnijui. Anayenijua anywe."

Sijawahi kusikia hoja iliyonyooka namna ile, ingawa somo la hoja nilishalifanyia mtihani. Alikuwa ameondoa mezani ushahidi ule mdogo, wa funda moja, akatuachia ule mkubwa ambao tulikuwa nao siku zote. Alikuwa amewakanda wake zetu mgongo walipojifungua. Alikaa na mama yangu mzazi katika ugonjwa wake wa mwisho, akamlisha uji kwa mkono wake, na mama yangu alikufa akimbariki. Nikajiuliza, ndivyo? Niliogopa, sitaficha, maana hofu ya utotoni haikusoma falsafa. Lakini jibu lilikuwa wazi. Nikasema "Amina" kimoyomoyo, nikachukua kikombe, nikanywa chote. Mke wangu akafuata, akaomba aongezewe. Baada yake wakaanza wengine, mmoja mmoja. Mwenyekiti alisema yuko kwenye dozi, na ghafla watu kadhaa nao wakawa kwenye dozi, lakini ndizi walikula.

Mkwe alipewa kikombe chake. Alikipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akakishika muda mrefu akikitazama. Tulijifanya tunazungumza. Kisha akakiweka chini taratibu asikimwage, akambeba mtoto akaenda kwake. Yule mama alimsindikiza kwa macho mpaka mlango ulipofungwa. Nusu ya jumuiya ilikuwa imekunywa, lakini niliona kwamba kwake ilikuwa kama hakuna aliyekuja. Tulipokuwa tunaondoka, nilimwona ameanza kukunja mikeka ile mizuri, ile ya kusafiri nayo.

Njiani nilifoka. Nikasema yule mkwe amepewa kila sababu, ana akili timamu, ameshindwa nini? Mke wangu akanitolea uvivu.

"Wewe uliombwa kunywa pombe tu," alisema. "Yeye aliombwa akubali kwamba mwanawe alikufa hivi hivi, hakuna wa kulaumiwa. Mbu tu. Ungeweza?"

Nilikuwa nimesahau nusu ya pili ya somo la yule padre mzee, labda kwa sababu haikuwa kwenye mtihani. Alitufundisha kwamba kuna maswali ambayo mtu hayaulizi, si kwa ujinga, ila kwa sababu jibu lake lingemvunja. Moyo unayafungia njia yasifike kwenye akili. Huwezi kumshinda mtu huyo kwa hoja, alisema, na ndiyo maana wokovu haukuja kwetu kama hoja. Mungu humpenda mtu kwanza, hofu inapungua, ndipo macho yanaanza kuona kilichokuwa mbele yake siku zote. Nilipokuwa kijana niliyaona hayo kuwa mahubiri. Sasa nadhani ndiyo yaliyokuwa falsafa yake yenyewe.

Tangu siku hiyo nikaacha kumtafutia hoja yule mkwe. Mke wangu alianza kwenda kwake jioni kukaa naye tu, wakichambua mboga. Hawakumtaja bibi. Walimzungumzia mtoto aliyekufa, alivyokuwa akicheka, na yule mama kijana alilia kilio ambacho nadhani hakuwahi kukilia vizuri, maana wakati wa msiba hasira ilikuwa imeshika nafasi yote.

Maharage yakavunwa. Kaka mtu akapiga simu kutoka Biharamulo kusema nguzo zimeshasimama. Mizigo ya yule mama ilikuwa imefungwa, imepangwa kwenye kibaraza.

Asubuhi moja nilikuwa napogoa migomba mpakani mwa mashamba yetu nikamwona mkwe ametoka amevaa kanga ya safari, tenga la parachichi kichwani, mtoto amemshika mkono, anakwenda mnadani Kabanga. Siku za mnada mtoto huachwa kwetu. Safari hii hakukata kona kuja kwetu. Alivuka njia, akasimama mbele ya kibaraza chenye mizigo, bibi amekaa hapo, akamwachia mtoto mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Yule mama hakusogea. Hata mtoto hakusogea. Mkwe akaliweka sawa tenga kichwani, akageuka aende, kisha akasimama bila kutazama nyuma.

"Hajala," akasema.